Mwenye Namba 714

Ukurasa wa mia moja arobaini na mbili ndio uliomkata Celine maini.

Alikuwa ameketi kwenye ngazi ya nyuma ya duka la vitabu la Muchiri, mjini Kericho, kalamu nyekundu mkononi, akisahihisha nakala ya mwisho ya kitabu cha mwanamume aliyempenda. Kazi hiyo aliifanya kwa raha zake. Muchiri aliandika vitabu vya historia ambavyo watu wa kawaida walivisoma mpaka majalada yakabanduka: kimoja kuhusu wezi wa ng'ombe wa mpakani, kingine kuhusu askari waliorudi kutoka Burma wakiwa na koti moja na ndoto mbaya. Hiki cha tatu alikiita Kesi za Kambini. Kilisimulia maisha ya wachumaji wa majani chai katika mashamba makubwa, harusi zao na ngoma zao, vita walivyopelekwa kupigana, na mauaji ambayo kambi zilinong'ona tu. Celine alikuwa amecheka katika sura tatu na kulia katika moja. Sasa alikuwa amefika sura ya tisa.

Iliandikwa hivi: tarehe kumi na moja Agosti, mwaka 1971, mchumaji Eliakim mwenye namba 714, askari wa zamani wa Burma, alimshambulia karani wa mizani aitwaye Nyaberi katika Kambi ya Saba. Karani alikufa baada ya siku mbili. Eliakim alikiri, akafungwa, akafia gerezani mwaka wa tano wa kifungo chake.

Alisoma mara tatu. Kibati cha shaba chenye namba 714 kilikuwa kimetundikwa sebuleni kwao, Kaplong, chini ya saa ya ukutani, tangu siku aliyozaliwa. Eliakim alikuwa babu yake, baba wa baba yake. Nyumbani walimwambia kwamba babu alikufa kwa ugonjwa wa kifua akiwa mbali na kwake, na hakuna aliyewahi kutaja gereza.

Muchiri alitokea na vikombe viwili vya chai, akamwona uso, akaviweka chini vyote viwili. Celine alimwekea kidole kwenye ule mstari, kisha akamwambia huyo alikuwa babu yake.

Muchiri alikaa kando yake, akausoma mstari upya. Kweli hakuwa amejua. Faili ya mahakama iliandika Eliakim basi, na akina Eliakim walikuwa wengi kambini, tena Mzee Jackton, baba yake Celine, Muchiri alimjua tu kama Mzee Jackton aliyestaafu kazi ya kiwandani. Sebuleni kwao alikuwa ameingia mara moja, siku ya Pasaka, na macho yake siku hiyo hayakuwa ya kutazama kuta.

"Toa hiyo sura," Celine alisema. "Toa tu. Kitabu kina sura kumi na tano."

"Nikitoa, nitamwambia nini Nyatichi?"

Nyatichi alikuwa binti wa yule karani. Alikuwa na miaka saba baba yake alipouawa, na sasa alikuwa mama wa miaka sitini, ana duka la nafaka upande wa Sotik. Muchiri alikuwa amekaa naye siku mbili nzima. Nyatichi alikuwa amemwambia kwamba tangu siku ya mazishi hajasikia mtu mwingine akilitaja jina la baba yake kwa sauti.

"Amengoja zaidi ya miaka hamsini mtu aandike," Muchiri alisema polepole. "Nimwambie nimetoa baba yake kwa kitabu kwa sababu gani, Celine? Kwa sababu nimependa?"

Maneno hayo yalimuuma, na hapohapo yakamfanya ampende zaidi, ambalo ni jambo la kuudhi sana kwa mtu aliyekwisha kujiandaa kukasirika. Aligeuza uso. Muchiri alimshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Kama nimekosea, nionyeshe," alisema. "Kitu kimoja tu kinachosema si yeye. Barua, picha, chochote. Jumatatu mashini ya kuchapa inaanza. Ukinipatia kabla ya Ijumaa saa sita, hiyo sura naichana mimi mwenyewe."

Basi alipewa siku tatu. Siku ya nne, yaani Jumamosi, ndiyo iliyokuwa imepangwa watu wa Muchiri waje kujitambulisha rasmi: mama yake, Priscillah, na mjomba wake Zacheus, kutoka Kedowa. Mama Quinter, mamake Celine, alikuwa ameshaazima viti ishirini vya kanisa na kuweka oda ya samaki.

Jioni hiyo Celine aliwaeleza wazazi wake kilichomo kitabuni. Alitarajia baba yake angefoka. Mzee Jackton hakufoka. Aliweka kijiko chini, akasema huyo kijana asikanyage hapa, wala watu wake, kisha akatoka nje akaenda kusimama kwenye shamba lake dogo la chai. Quinter alibaki na mwiko mkononi, hajui apakue au aache. Alisema tu kwamba katika miaka arobaini ya ndoa hajamwona mume wake akiacha chakula.

Celine alipenda kama wanavyopenda watu wasiopenda ovyo. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, karani wa ofisi kiwandani, na kabla ya Muchiri alikuwa amezoea kuwaambia shangazi zake kwamba yuko sawa hivyo alivyo. Halafu akaingia dukani siku moja kutafuta bahasha, akamkuta mtu anayesoma amesimama, aliyemuuliza jina lake na kulingoja jibu kana kwamba lilikuwa na maana. Mwaka mmoja ulikuwa umepita. Sasa kila alipofikiria Jumamosi aliviona vile viti ishirini vikiwa vitupu.

Wazo lilimjia Jumatano, kazini. Mama mmoja wa kambini alikuwa amekuja ofisini kulalamika kuhusu zamu, na katika kujieleza akateleza kwamba wiki ile hakuchuma yeye, alichuma binti yake kwa namba yake. Akaziba mdomo haraka. Celine alitabasamu akajifanya hakusikia, kwa maana kila mtu aliyelelewa kwenye majani chai anajua jambo hilo. Mgonjwa hulala, ndugu yake hubeba kikapu, na kwenye mizani namba ya mgonjwa ikiitwa, mwenye kikapu huitika. Daftari huandika namba, halimwandiki mtu.

Alisimama hapohapo. Muchiri wa Kedowa, mtoto wa wauza viazi, angejuaje hilo? Alikuwa amesoma kwenye faili kwamba namba 714 ilipima majani siku ile, akaamini kwamba mwenye namba ndiye aliyekuwepo.

Alhamisi aliomba ruhusa, akarudi nyumbani mapema, akafungua sanduku la bati la dani, nyanya yake, ambalo halikuwa limefunguliwa tangu bibi huyo azikwe. Kulikuwa na nguo, kitabu cha nyimbo cha Kijaluo, na ndani ya kitabu hicho kadi ya hospitali ya misheni, imekunjwa mara nne. Eliakim, Kambi ya Saba. Kifua. Amelazwa tarehe sita Agosti 1971. Ameruhusiwa tarehe kumi na tatu.

Celine alikaa sakafuni akacheka peke yake, machozi yakimtoka. Babu hakuwepo. Siku aliyoshambuliwa karani, babu alikuwa kitandani hospitalini, anakohoa. Jina lake lilikuwa safi, kitabu kingerekebishwa, na wageni wa Jumamosi wangekuja. Alibaki mtu mmoja tu wa kutajwa, yule aliyechuma kwa namba ile, na wa kumtaja alikuwa nyuma ya nyumba.

Mzee Jackton alikuwa kwenye kipande chake cha chai, anachuma kwa mikono miwili bila kutazama, kama alivyofanya tangu utotoni. Celine alikwenda mbio, akamnyoshea kadi.

"Baba, babu hakuwa huko. Angalia tarehe. Kuna mtu alikuwa anachuma na namba yake. Tukimjua huyo mtu, hii maneno yote imeisha."

Mzee hakuipokea mara moja. Alijifuta mikono kwenye suruali, upande huu na upande ule. Aliishika kadi, akaisoma, midomo ikimcheza.

"Mama yangu aliniambia aliichoma," alisema.

"Ni nani alichuma na hiyo namba?"

"Wewe ulikuwa unadhani ni nani?"

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu aliyechoka, na Celine akaelewa kabla hajajibiwa.

Alimweleza yote, wamesimama pale katikati ya majani, bila kumtazama. Alikuwa na miaka kumi na saba. Baba yake alikuwa amerudi kutoka vitani na kifua kibovu, na mwaka ule kikamwangusha kabisa. Namba isiyoonekana kwenye mizani wiki nzima ilimaanisha chumba kupewa mtu mwingine, na mama yake angetupwa nje na watoto watano. Kwa hiyo aliacha shule akabeba kikapu. Karani Nyaberi alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu alimsimamisha mbele ya foleni nzima, akamwambia kesho watatolewa kambini pamoja na mgonjwa wao, akakipiga kikapu teke, majani yakamwagika kwenye matope. Jackton alimsukuma mara moja. Karani akaangukia ukingo wa saruji chini ya mizani, na hakuzinduka tena.

"Sikutaka," alisema. "Lakini alikufa, na watoto wake walikua bila baba."

Polisi walikuja tarehe kumi na nne na daftari la mizani. Eliakim alikuwa amelala nyumbani usiku mmoja tu tangu atoke hospitali. Walisoma namba. Mzee huyo mgonjwa aliinuka, akavaa viatu, akasema namba hiyo ni yake. Kambi nzima ilijua na kambi nzima ikafunga mdomo, nyapara naye pia, kwa sababu angekiri kwamba vijana walichuma kwa namba za wazazi wao, kazi yake ingeota nyasi.

"Alinishika kichwa akaniambia nirudi shule. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho."

"Mama anajua?"

"Hapana."

Celine alitaka kumkumbatia na alitaka kumkimbia. Mwishowe aliuliza kitu kimoja tu, kwa nini basi amemkataa Muchiri, ilhali kitabu hakimtaji yeye.

Mzee Jackton aliangalia mikono yake. "Alikuja hapa Pasaka akaniuliza habari ya kambi. Huyo kijana anauliza polepole, halafu anakungojea. Simchukii, nyathina, mwanangu. Namwogopa. Nikikaa na yeye meza moja mwaka mzima, nitamwambia."

Akamrudishia kadi. Alisema afanye nayo vile ataona, na yeye hatauliza. Kisha akaendelea kuchuma, na Celine akaona jinsi mikono ile iliyozoea kazi sasa ilivyokuwa inachuma hata majani makuukuu yasiyofaa.

Ijumaa saa tano na nusu aliingia dukani. Muchiri alikuwa amenyoa ndevu na kufunga mlango nusu. Simu ilikuwa juu ya meza, tayari. Kadi ilikuwa ndani ya mkoba wa Celine, na njia nzima alikuwa amelibeba jambo moja kichwani: akiitoa, Muchiri atafurahi, atamkumbatia, halafu atauliza ni nani. Hangeweza kuacha kuuliza. Kuuliza ndiko kulikomfanya kuwa yeye, na ndiko Celine alikompendea.

"Umepata?" Muchiri aliuliza.

"Sijapata kitu. Chapa vile iko."

Alimtazama. Celine alistahimili macho yale kwa kadiri alivyoweza, kisha akayashusha kwenye rafu ya vitabu, akasoma majina migongoni mwavyo bila kuelewa hata moja. Alisikia Muchiri akipiga simu, akimwambia mchapishaji aendelee kama ilivyopangwa. Sauti yake haikuwa na furaha.

"Pole sana," alimwambia baada ya kukata simu. "Kesho nitaongea na mzee mwenyewe. Nitapiga magoti nikitakiwa. Tutafika saa nne, mama ameshafunga mizigo yake tangu jana."

"Msije."

"Ni mzee amekataa?"

"Ni mimi."

Muchiri alizunguka meza akaja kusimama mbele yake, karibu kiasi kwamba Celine alisikia harufu ya sabuni yake. Hakumgusa.

"Unanipenda?"

"Ndio," alisema. Hata hakufikiria kudanganya hapo.

"Basi mimi sielewi. Na kuna kitu kingine sielewi. Mtu akisoma kwamba babu yake aliua, huwa analia ama anapigana. Jumanne ulikuwa unapigana. Leo umetulia. Celine, ulipata nini?"

Ilikuwa imebaki kidogo tu. Mkono wake ulikuwa juu ya zipu ya mkoba. Alimfikiria mwanamume huyu kando yake maisha yote, mezani, kitandani, kwenye misiba ya watu wake, akimwuliza kwa upole ule ule na kumngojea. Alielewa kwamba woga wa baba yake sasa ulikuwa wake. Akaondoa mkono.

"Kitabu chako ni kizuri," alisema, akatoka. Barabarani aliwapita watu bila kuwaona, na alipofika penye kituo cha mafuta alilia kwa sauti, mchana kweupe, bila kujali nani anamtazama.

Jumamosi asubuhi viti vya kanisa vilikuwa vimepangwa safu mbili mbele ya nyumba. Quinter aliamini mpaka dakika ya mwisho kwamba mume wake angelegea, wageni wakishafika uani. Celine alimwambia jikoni, kwa maneno machache, kwamba wageni hawaji kwa sababu yeye mwenyewe amewazuia. Quinter alivua kitambaa kipya alichokuwa amejifunga, akakikunja vizuri, akakirudisha chumbani, na hilo lilimchoma Celine kuliko kama angelia.

Baba yake alikuwa amekaa kwenye kiti cha kwanza cha safu ya mbele, peke yake kati ya viti ishirini.

"Ulimwonyesha kadi?"

Alikuwa amesema hatauliza, lakini aliuliza. Celine alisema hapana. Mzee aliuliza kuhusu kitabu, akaambiwa mashini inaanza Jumatatu.

"Na yeye?"

"Nimemwachilia."

Kuku alipita chini ya viti, mzee hakumfukuza.

"Kwa hivyo baba yangu alifungwa kwa ajili yangu," alisema hatimaye, "na sasa ni wewe."

"Mimi sijali, Baba."

"Najua hujali. Hata yeye alisema hivyo hivyo." Alijifuta uso kwa kiganja. "Wakati ule nilikubali kwa sababu nilikuwa kijana. Niliogopa, nikakubali, nikarudi shule, nikapata kazi, nikamwoa mama yako, nikawazaa ninyi, na kila kitu nimekula kwa jasho la mtu aliyekufa ndani. Sasa nina miaka sabini. Nikikubali tena nitasema nilikuwa nani?"

Celine alipiga magoti mbele yake kwenye nyasi. Alimwambia afikirie vizuri. Watu wa Kedowa wanaweza kukataa kabisa kuoa kwa nyumba kama hii. Muchiri mwenyewe anaweza kugeuka. Kanisa litasema. Nyatichi anaweza kwenda polisi, na hakuna anayejua polisi watasema nini baada ya miaka yote hiyo. Alisema yote hayo kwa haraka, na kila alilolisema lilikuwa kweli.

"Wakatae," mzee alisema. "Lakini wakatae wakijua."

Akaita jina la mke wake. Quinter alitoka jikoni mikono ikiwa na unga, akaona mume wake amesimama kama anayeingia mahakamani, akakalia kiti cha pili bila kuambiwa. Mzee alisema anataka mke wake asikie wa kwanza, kabla ya mtu yeyote, na anaomba asimkatize. Kisha akamgeukia binti yake.

"Pigia huyo kijana. Mwambie asije na mama yake. Akuje na Nyatichi, binti wa karani."

Celine alisogea hadi kwenye ua wa chai na simu yake. Nyuma yake alisikia baba yake akianza, tangu mwanzo, tangu kifua cha babu. Muchiri alipokea kabla mlio wa pili haujaisha. Celine alimwambia kwamba baba anamwita, na kwamba asije peke yake, akamtajia wa kuja naye.

Celine alijua Muchiri anaelewa, maana yule hakuwa mtu wa kuelezwa mara mbili. Alingoja swali, na halikuja.

"Nitawasimamisha watu wa mashini kwanza," Muchiri alisema. "Halafu nampitia Nyatichi. Mwambie mzee aningojee."